Taja Risasi Kabla Ufito Haujapanda

Siku ya kuniaga, mwenyekiti wa kilabu chetu cha shabaha alisoma kwamba nimestaafu nikiwa na furaha tele. Aliyeiandika hotuba ile hakuniuliza. Nimestaafu nikiwa nimechoka, na uchungu umenijaa, na ndiyo sababu nimekubali kuwaandikia ninyi mnaobaki kwenye renji. Vyeo na mishahara sitaviandika. Cheo changu mlikisoma kwenye fulana, na mshahara ulikuwa ule ule mnaoulalamikia nyinyi. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe, hasa ile ya kurekebisha skopu, ile darubini ya juu ya bunduki, mtu anapokosa shabaha ya mbali, maana hiyo ndiyo kazi iliyonipa jina, na hiyo hiyo ndiyo iliyonivunja.

Niliingia kupitia shimoni. Nyinyi mmezoea vioo vinavyoonyesha tundu la risasi papo hapo, kwa hiyo wacha niwaeleze. Renji yetu iko kwenye shamba la zamani la katani upande wa Rongai. Ukilala kwenye mstari wa kupigia, mbele yako ni nyasi kavu hadi kwenye tuta la udongo, na mkono wa kulia ni mteremko wa Menengai, unakotoka upepo wa kuchokoza watu jua likipanda. Chini ya tuta lile kuna shimo refu lenye ukuta wa zege. Humo ndimo walimokaa watu wa kuteremsha ubao wa shabaha kila risasi inapopita, kuziba tundu kwa kipande cha karatasi, na kuupandisha tena. Enzi hizo ilikuwa kazi ya akina mama. Gundi tuliipika wenyewe kwa unga wa ngano, na asubuhi za Julai iliganda kwenye kopo mpaka tukaipasha kwa kuishika katikati ya mapaja.

Nilikuwa nikiitwa mama Kimani, na Kimani mwenyewe alikuwa bado ananyonya, nimemwacha kwa mama yangu. Risasi ya kwanza ilipopita juu ya kichwa changu nilijitupa chini na kopo la gundi likanimwagikia. Haivumi kama watu wanavyodhani. Inapasuka kama mjeledi wa mwenye mkokoteni. Mama mmoja aliyekuwa na ubao wa pili, mtu wa Molo, aliniangalia bila hata kuacha kubandika.

"Hiyo umeisikia ni kwa sababu imeshapita," akasema. "Ile yako hutaisikia. Inuka, watu wanangoja."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya usalama kazini. Siku hizi mnapewa karatasi ya kutia sahihi.

Ukishaliona tundu kwenye ubao, unainua ufito mrefu wenye kisahani chekundu nchani, na kukigusisha pale risasi ilipoingia, ili mpigaji akione kutoka kule mbali kupitia skopu yake. Asipogonga ubao kabisa, unaupeperusha ufito kushoto na kulia mbele ya shabaha, naye anajua ameua udongo. Kazi ni hiyo tu, lakini ina ubishi wake. Kuna akina mama waliowahurumia wapigaji waliowapenda na kusogeza kisahani kidogo kuelekea katikati. Mimi sikuwa na ninayempenda, kwa hiyo ufito wangu ulisema kweli.

Jioni moja Fundi alishuka shimoni. Jina lake ni Barasa, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa fundi wa bunduki na kocha wa kilabu, mtu mwembamba aliyezaliwa kwenye nyumba za reli pale Nakuru mjini, baba yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya mabehewa. Kiswahili chake kilikuwa cha reli, kimeokotwa kwenye kila stesheni.

"Nani alikuwa ubao wa nne?" akauliza.

Nikasema ni mimi, nikijua nimefukuzwa.

"Kuna mkubwa mmoja huko juu analalamika eti unamwonyesha chini kila mara. Nimeenda kupima tundu zake. Ziko chini kila mara." Akatazama mikono yangu iliyokauka gundi. "Kesho usishuke huku. Uje ukae na mimi kwenye darubini."

Ndivyo nilivyofika juu. Nilikaa nyuma ya darubini kubwa kando yake kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na mume. Aliniita dada, nami nilimwita Fundi, na hatukuwahi kuitana kingine.

Kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa ile kofia. Mnaijua, ni kile kidude cha duara kinachokaa juu ya skopu, cha kuzungusha, kinachopandisha au kushusha mahali risasi inapofikia. Kila kikisogea kinalia tik, na sisi tulihesabu kwa tiki. Fundi hakupenda maelezo marefu. Alisema: "Mita mia, tiki moja ni sentimita moja. Mita mia sita, tiki moja ni sentimita sita. Risasi zikikaa sentimita thelathini chini kwa mita mia sita, panda tiki tano. Ukitaka kujadiliana, nenda ukajadiliane na wanasiasa."

Hapo hesabu imekwisha. Ugumu hauko kwenye hesabu, uko kwa binadamu. Mtu akikosa, mkono unakimbilia kofia wenyewe, kama vile aliyegongwa kidole anavyokipeleka mdomoni. Mfano wetu mkuu alikuwa Bwana Koech, mkulima wa ngano kutoka Njoro, mtu mkarimu mwenye sauti ya trekta. Risasi yake ya kwanza ikaenda chini, akapandisha kofia. Ya pili ikaenda juu, akashusha. Ya tatu chini tena. Alifika mahali hakumbuki alianzia wapi, na risasi zimekwisha, na ubao una matundu kila kona isipokuwa katikati.

Fundi alichuchumaa kando yake. "Boss, unakimbiza risasi kama mtu anayekimbiza kuku. Utachoka wewe. Kuku hachoki."

"Sasa si imeenda chini? Nifanye nini, niimbe?"

"Uiache. Piga tatu kwanza bila kugusa kitu. Risasi moja ni umbea. Tatu zikikubaliana, hapo kuna ushahidi."

Halafu Fundi akamwekea sharti la pili, ambalo ndilo lililokuja kuwa desturi ya kilabu chetu, na wageni walilishangaa. Kila mpigaji alitakiwa kuitaja risasi yake kwa sauti kabla ufito haujapanda. Pale unapofyatua, jicho lako liliona alama ya skopu iko wapi juu ya shabaha. Basi sema. "Katikati." "Chini kidogo." "Kulia, nimeivuta." Ndipo ufito unapanda na kuonyesha ukweli. Ukisema chini, na ufito ukaonyesha chini, kosa ni lako, na kofia haiguswi. Ukisema katikati, na ufito ukaonyesha chini, mara tatu mfululizo, basi skopu ndiyo inayodanganya, au hewa, na hapo ndipo unahesabu tiki. Kwa njia hiyo kila kosa linampata mwenyewe. Nimesoma vitabu viwili vitatu vya shabaha tangu wakati ule, na sijaona njia iliyo safi kuliko hiyo.

Ina tundu moja tu. Inamtegemea mpigaji awe mkweli. Koech hakuwa mkweli. Kila risasi kwake ilikuwa "katikati", hata ile iliyochimba vumbi nusu ya njia. Fundi hakumgombeza. Alirudia tu kwa upole, "Sema ulichokiona, boss, usiseme ulichokiomba." Ilichukua msimu mzima. Siku aliyofyatua na kunguruma, "Hii ni yangu, nimeivuta kama punda," na ufito ukapanda pale pale aliposema, tuliacha kazi wote tukampigia makofi, na aliona haya mtu mzima yule. Kuanzia hapo alipiga vizuri.

Kulikuwa na kesi nyingine ngumu. Timu moja kutoka Pwani ilikuja kushindana nasi na wote wakapiga juu ya ubao, risasi baada ya risasi, mpaka kapteni wao akashuku tumechezea mbao. Hatukuwa tumechezea kitu. Huku kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi, risasi haishikwi sana njiani na haianguki kama inavyoanguka kule chini. Walikuja na hesabu za usawa wa bahari. Fundi aliwashushia tiki zao mmoja mmoja, akawapikia na chai, halafu wakatushinda. Nilimwambia amejitia kidole machoni. Alisema kumshinda mtu ambaye hajui yuko wapi si kushinda.

Mniwie radhi nikikaa hapa kidogo. Hii miaka ilikuwa mizuri na najua ninakoelekea.

Nilifanywa msimamizi wa renji. Maana yake ni kwamba filimbi, bendera nyekundu na ufunguo wa stoo ya bunduki vilikuwa vyangu, na kwamba hakuna anayelala kwenye mstari bila ruhusa yangu, awe mwenyekiti au waziri. Fundi aliendelea kufundisha. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake Nanjala ameolewa Elburgon kwa watu wa mbao, na yeye aliishi kwenye chumba nyuma ya stoo ya bunduki. Dunia yake yote ilikuwa umbali wa kutembea kwa ndara. Na bado alikuwa ndiye mpigaji bora tuliyekuwa naye. Alipotaja risasi watu walinyamaza. Alikuwa akisema, "Katikati, lakini imegusa kushoto, upana wa kidole," na kisahani chekundu kilienda kukaa pale kama kilichotumwa.

Mvua za masika zilikuwa zimeisha na tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya vilabu vya nyanda za juu. Fundi ndiye aliyekuwa aongoze timu. Tulipiga kwanza kwa mita mia tano, halafu tukarudi nyuma hadi mia sita. Mnajua ukihama hivyo lazima upandishe kofia tiki kadhaa, kwa sababu risasi ina safari ndefu zaidi ya kuanguka. Fundi akalala, akafyatua.

"Katikati," akasema.

Ufito ukapanda ukakaa karibu na ukingo wa chini.

"Katikati." Chini, pale pale. Ya tatu vile vile, zote tatu zingefunikwa na kisosi kimoja.

"Zimekubaliana, Fundi," nikamwambia kutoka kwenye darubini. "Skopu inadanganya."

"Basi tumfundishe adabu," akasema, akahesabu tiki, na risasi zilizofuata zikaenda nyumbani. Tulifuata kanuni barabara. Yeye ametaja katikati, na Fundi hakuwahi kutaja uongo, kwa hiyo kosa ni la chombo. Hakuna kati yenu ambaye angefikiria vingine.

Juma lililofuata zikaenda juu. Alitaja katikati, ufito ukapanda hadi ukingo wa juu. Tukashusha. Kisha zikawa chini tena. Fundi akafungua vishikizo vya skopu, akasafisha, akakaza skrubu. Koech akamletea skopu yake mpya ya gharama na kuifunga yeye mwenyewe. Mambo yakawa yale yale. Nikaanza kulala vibaya. Ndipo nikamwomba Koech alale na bunduki ya Fundi siku ambayo Fundi alikuwa ameenda mjini, aanze na kofia kwenye sifuri na kuipandisha mwenyewe.

Alipiga tatu. Zikakaa katikati kama mayai kwenye kiota. Koech akainuka, akapangusa magoti.

"Madam," akasema, "hii bunduki haina shida."

"Najua."

"Sasa ni nini?"

Nilishaanza kuogopa kwamba najua. Zamu iliyofuata sikutazama shabaha. Niligeuza macho kwenye mikono ya Fundi. Tulipohamia mita mia sita alikaa mkekani, akazungusha kofia, nikasikia tiki zake, idadi sahihi kabisa. Akasugua viganja. Akatazama mlima, akatazama nyasi zinavyoinama, akasema kitu kuhusu upepo. Halafu akapeleka mkono kwenye kofia na kuizungusha tena, idadi ile ile, kwa utulivu ule ule wa mtu anayefanya jambo kwa mara ya kwanza. Akalala, akafyatua, akataja katikati. Ufito ukaenda juu.

Alikuwa anasema kweli. Jicho lake lilikuwa katikati. Hakujua tu alichokuwa amekifanya muda mfupi uliopita. Siku nyingine alizungusha mara mbili, siku nyingine hakuzungusha kabisa akidhani ameshazungusha. Nasi, kwa kufuata kanuni yake mwenyewe, tulikuwa tukiisahihisha skopu.

Nilimwambia pale pale mkekani, kwa sauti ya chini. "Fundi, umezungusha mara mbili."

"Sijazungusha bado."

"Soma namba kwenye kofia."

Akasoma. Akatazama vidole vyake, kimoja kimoja, kana kwamba kuna kimoja kilichofanya kazi bila kumwuliza. "Nimechoka leo," akasema.

Mtu mwingine angenuna. Yeye kesho yake alikuja akaniomba nisimame karibu naye na kumwambia kwa sauti kila anapokwisha kuzungusha. Kwa muda tuliishi hivyo. "Umeshazungusha, Fundi." "Asante, dada." Wanachama walidhani ni utani wetu wa kizee. Nilijidanganya kwamba tumepata tiki za kuongezea, na kwamba mashindano yakipita tutatafuta njia. Unajua mtu ukimpenda unapunguza kipimo kidogo kidogo.

Kisha ikaja asubuhi ile. Watu walikuwa wamelala kwenye mstari mzima, Koech na wengine, na Fundi mwisho kushoto. Bunduki ilikuwa na risasi, kidole kimeshafika kwenye triga. Akataka kuniuliza kitu, na akageuka kuniuliza, na bunduki ikageuka naye.

"Dada, hapa ni mita ngapi?"

Mtutu ulipita juu ya miguu ya Koech na kuendelea. Niliushika na kuukandamiza ardhini kwa uzito wangu wote. Mimi ni mtu mnene, na siku hiyo nilishukuru. Nilipuliza filimbi, nikainua bendera nyekundu, nikaitoa risasi ile mwenyewe. Fundi alinitazama kwa mshangao wa kweli. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtutu hautazami pembeni hata kukiwa na nyuki.

Kamati ilikutana na kusema uamuzi ni wa msimamizi wa renji. Watu huwa wepesi sana kukumbuka kanuni wakati hawataki kushika kitu chenye moto. Nilimpeleka hospitali Nakuru pamoja na Nanjala. Daktari, kijana mpole, alimwuliza Fundi maswali ya kawaida, siku ya leo, mwezi, jina la rais, na Fundi akajibu kwa heshima na kukosa mengi. Nje, kwenye benchi, daktari akatueleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, kwamba utazidi, na kwamba dawa zilizopo hazirudishi kilichokwenda. La kuvunda halina ubani. Nanjala alilia kwa kujifunika leso. Aliniomba nikae na baba yake kilabuni mpaka shule zifunge, amalizie kujenga chumba cha kumweka, maana nyumbani kwake Elburgon hapakuwa na nafasi hata ya godoro. Nikakubali. Ningekataaje?

Kwa hiyo nilimwambia. Tulikaa kwenye ngazi za stoo, kila mtu na kikombe chake cha chai.

"Fundi, kuanzia leo hutalala tena kwenye mstari. Wala hutashika bunduki. Ni mimi nimeamua, si kamati."

Akaweka kikombe chini. Kisha akauliza nini kimetokea, nikamweleza yote, kofia, mtutu, miguu ya Koech, daktari. Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto anayejizuia kulia. "Umefanya kazi yako," akasema. "Ni mimi nilikufundisha." Akavua lile koti lake la kupigia, lenye ngozi mabegani, akalitundika. Nilienda nyumbani nikalia mpaka nikachoka, na katikati ya kilio kulikuwa na unafuu. Nilifikiri jambo gumu kuliko yote nimeshalimaliza.

Asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni mwa stoo, amevaa koti, mkeka kwapani.

"Umechelewa, dada. Leo tunaanza mita ngapi?"

Mwanzoni nilidhani ananitania. Nikamtazama machoni, nikaona hanitanii.

Nikamwambia tena, kuanzia mwanzo. Uso ule ule ukakunjamana, maswali yale yale. Akavua koti. Kesho yake alikuwa pale tena amelivaa. Nilimfukuza kazi mtu yule kila asubuhi, wanangu, na kila asubuhi aliipokea kama habari mpya. Maumivu yake hayakuzeeka. Mtu wa kawaida akipata msiba, siku ya pili anaamka ameshaujua, na huo ndio mwanzo wa kupona. Fundi hakupewa siku ya pili.

Nilijaribu kila njia. Nilificha koti, akalitafuta mpaka chini ya magari, akashuku wezi, akawahoji akina mama waliobaki kule shimoni. Nikalirudisha. Koech, ambaye alikuja mara nyingi siku hizo bila hata kuleta bunduki, alinivuta kando.

"Mwambie renji imefungwa, madam. Mdanganye tu. Kuna ubaya gani?"

Nikamwambia Fundi renji imefungwa. Akaingiwa na wasiwasi, akataka kujua nani ameumia. Alizunguka akiwauliza watu nani amekufa.

Siku nyingine alipouliza zamu yake ni lini nilishindwa, nikasema, "Bado, Fundi." Nilidhani nimepata neno la huruma. Alikaa kwenye benchi nyuma ya mstari, mkeka juu ya magoti, akingoja. Watu walipiga, wakaondoka, wengine wakaja. Chai alikataa, asije akaitwa akiwa mbali. Jua lilipozama kuelekea milima ya Mau alikuwa bado amekaa wima pale, na kila nilipopita alinitazama kwa macho ya mtu ambaye hataki kusumbua. Sijawahi kumfanyia mtu jambo baya kama lile "bado". Nikarudi kwenye ukweli, kwa sababu ukweli ulimchoma kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha ukasahaulika.

Nimewaandikia hapa namna ya kusahihisha karibu kila kosa. Upepo, baridi, skrubu iliyolegea, kiburi, uongo wa Koech. Kanuni yetu yote inasimama juu ya mtu anayejua alichokifanya sasa hivi, na aliye tayari kukisema. Mkweli wetu mkubwa alibaki mkweli hadi mwisho, na haikumsaidia. Mkiniuliza angerekebishwaje, sijui. Nimelala na swali hilo hadi nikaandika barua ya kuacha kazi kabla ya wakati wangu, na bado sijui.

Shule zilipofunga Nanjala alikuja na pikapu ya mumewe. Jana yake Koech alikuwa amechinja mbuzi, na wanachama wote walikuja kumuaga Fundi. Walimshika mkono mmoja baada ya mwingine, wakasimulia visa vyake, naye akacheka sana, akatoa hata hotuba fupi kwa Kiswahili chake cha reli. Ilikuwa siku nzuri.

Asubuhi hiyo nilimkuta mlangoni, koti mwilini, mkeka kwapani. Nikamwambia kwa mara ya mwisho. Kwamba hatapiga tena, na kwamba lile gari langoni limekuja kumchukua, na anaenda kuishi Elburgon kwa binti yake. Aliuliza maswali yake, nikayajibu. Halafu akageuka akaitazama renji, ambayo haikuwa na mtu hata mmoja saa ile, mstari mtupu na nyasi tu.

"Ungeniambia jana, dada," akasema. "Ningeaga watu."

Nikamwambia pole, Fundi, nikambebea mkeka hadi kwenye gari.